Nguvu na Kiasi: Habari za Nati za Gurudumu katika Njia ya Rusizi

Msafiri atokaye Kigali kwenda Rusizi, wilaya ambayo watu wa makamo wangali wakiiita kwa jina la zamani la Cyangugu, hana budi kupita Huye, kisha Kitabi penye mashamba ya chai, kisha kuingia msitu wa Nyungwe, na humo ndani, kwa muda wa saa nzima na zaidi, barabara humpindua kushoto na kulia, humpandisha hata akafika kimo cha mita 2,500 hivi, mahali ambapo mvua inyeshayo ubavu mmoja wa mlima hushika njia ya Nile na inyeshayo ubavu wa pili hushika njia ya Kongo, halafu humteremsha kwa breki mpaka Gisakura, Ntendezi na mwisho Kamembe, juu ya Ziwa Kivu ambalo maji yake yako kimo cha mita 1,460 hivi. Ni njia ya kupendeza macho, na lami yake haina lawama kubwa. Walakini kwa gari njia hiyo ni kadhi asiyepokea rushwa, kwa kuwa kila kasoro iliyojistiri katika mitaa ya mji hudhihirika humo, kona baada ya kona.

Gari langu lilifikishwa mbele ya kadhi huyo nikiwa sina habari kwamba lina kesi. Juma moja kabla ya safari nilikuwa nimelivisha matairi mapya ya mbele katika gereji moja ya mjini, ambamo kijana mwenye haraka alizirudisha nati kwa bunduki ya upepo, mvumo mmoja kwa kila nati, akapokea ujira wake na kumwita mteja aliyefuata. Mpaka Huye sikusikia neno. Baada ya Gisakura, katika kona zifuatanazo kama shanga za tasbihi, nikaanza kusikia mlio mdogo upande wa mbele, tak, tak, tak, ukienda mbio nilipoongeza mwendo na ukitulia nilipopunguza. Kisha usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwangu, na gari likawa lavuta upande wa kulia kama mbuzi aliyeona majani mabichi nje ya urefu wa kamba yake. Nikajiambia, kwa ule ujuzi wa nusu ulio mbaya kuliko ujinga kamili, kwamba hii bila shaka ni ile kasoro ambayo pwani huiita alaimenti, na ambayo huku, kwa kuwa Kifaransa ndicho kilichotangulia kuingia gereji, huitwa paralelisimu.

Kamembe ni mji wa vilima, na gereji niliyoelekezwa ilikuwa kwenye mteremko unaotazamana na Bukavu, kiasi kwamba mtu akiinua kichwa kutoka chini ya gari huona nyumba za nchi nyingine ng'ambo ya bonde la Mto Ruzizi. Fundi mkuu alikuwa mzee wa miaka sitini na ushei, mpole wa maneno, mwenye Kiswahili kile cha mpakani ambacho hakina haraka.

"Salama, mzee?"

"Salama, mwanangu. Karibu. Gari linasemaje?"

"Linavuta kulia, na usukani unatetemeka. Nimekuja kwa paralelisimu."

Hakujibu. Aliinama mbele ya gurudumu la kulia, akabandua kifuniko cha plastiki kilichokuwa kimezisitiri nati, akatia vidole viwili juu ya mojawapo, akaizungusha. Nayo ikazunguka kama kizibo cha chupa ya maji.

"Pine hizi ulizibadilisha lini?"

"Juma lililopita."

"Na baada ya kwenda mbali kidogo, nati zilikazwa tena?"

Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukawa jibu.

"Basi, mwanangu, pesa ya paralelisimu ningeipokea leo ningeila haramu. Kitu kilicholegea hakipimiki. Ukikipima asubuhi kitakupa jibu moja, jioni kitakupa jingine."

Hapa yafaa tusimame kidogo, maana jambo lililokuwa chini ya maneno ya mzee yule wenye magari wengi, na baadhi ya mafundi pia, hulifahamu kinyume. Aghalabu mtu hudhani kwamba gurudumu limetungikwa juu ya stadi, zile parafujo nne, tano au sita zinazochomoza katika habu, kama koti lilivyotungikwa juu ya msumari, na kwamba kazi ya nati ni kulizuia koti lisianguke. Hasha. Stadi hazikuwekwa ili zibebe uzito wa gari. Kinachobeba ni msuguano baina ya uso wa rimu na uso wa habu, na msuguano huo hupatikana kwa sababu nati, inapokazwa, huivuta stadi ikarefuka, na stadi, kwa kuwa chuma nacho kina tabia ya mpira ijapokuwa jicho haliioni, hutaka kuurudia urefu wake wa asili, na katika kutaka huko hulibana gurudumu kwa nguvu ya ajabu. Gari dogo la Toyota lenye stadi za unene wa milimita 12, likikazwa kwa kiasi kilichoandikwa kitabuni mwake, kila nati yake hubana kwa nguvu ipatayo tani 4, na nati tano kwa pamoja hubana kiasi cha tani 20, ilhali gari zima pengine halifiki hata tani moja na nusu.

Sasa, kurefuka huko kwa stadi, ambako ndiko kunakozaa nguvu yote hiyo, ni kudogo mno, kama unene wa unywele mmoja wa binadamu. Msomaji alipime neno hili vizuri. Ikiwa baina ya rimu na habu umo ukoko wa kutu, au tabaka la rangi aliloongeza mwenye gari kwa kupenda urembo, au tope jekundu la milimani lililokauka, basi siku ile ya kukaza nati itaonekana imekaza barabara, na spana itakataa kwenda mbele; lakini baada ya kilomita chache za mitikisiko na joto la breki, ukoko ule husagika ukawa unga, ule unene wa unywele mmoja ukapatikana tena kuwa nafasi tupu, na stadi, isiyokuwa na kitu cha kuivuta tena, hubaki imelala usingizi. Nati haijazunguka hata kidogo, na juu ya hayo imekwisha kulegea. Ndipo gurudumu huanza kucheza, na kucheza kwake ndiko kunakoizungusha nati, na mlio wa tak, tak, tak husikika.

Mzee alipolivua gurudumu langu alinionyesha ithibati kwa ncha ya bisibisi: kuzunguka matundu ya rimu palikuwa na duara linalong'aa kama sarafu mpya, alama ya chuma kilichosuguana na chuma, na kutoka kila nati ilitelemka michirizi ya kutu, kama machozi ya mtu aliyelia na asijifute. Alama mbili hizi zatosha kumtia mtu hadhari hata kabla ya mlio. Akatia kidole katika kila tundu kuona kama limepanuka likawa na umbo la yai, kwa maana rimu ya namna hiyo haina dawa isipokuwa kutupwa, na kwa bahati yangu matundu yalikuwa yangali mviringo. Stadi moja, ambayo hesi yake ilikuwa imekwaruzika, aliipiga nyundo ikatoka, akaitia mpya. Kisha kijana wake akapewa brashi ya waya, akasugua habu na mgongo wa rimu mpaka chuma kikaonekana, kazi iliyochukua muda mrefu kuliko kukaza kwenyewe.

Ama kuhusu kukaza, hapo ndipo penye ghururi ya watu wenye misuli. Kiasi cha kukaza huhesabiwa kwa nyutoni-mita, na kwa magari kama Toyota Corolla na RAV4 kitabu husema 103. Hesabu hii si siri ya wahandisi: ni sawasawa na kutundika uzito wa kilo 10 na nusu kwenye ncha ya spana yenye urefu wa mita moja, au, kwa spana ya sentimita 30 kama zile zinazokuja pamoja na gari, kusukuma kwa uzito wa kilo 35. Yaani mkono wa mtu mzima mwenye afya, akivuta kwa bidii lakini bila kukunja uso, umekwisha kufika. Mtu wa kilo 70 akisimama kwa mguu juu ya spana hiyo amekwisha kukaza mara mbili ya kiasi, na akichomeka bomba la mita moja juu ya spana, kama ninavyoona kila mahali kutoka Mombasa mpaka Bukavu, kisha akaning'inia, amekaza karibu mara saba, akashuka akijipangusa mikono na kusema, "Hii haitoki." Kweli haitatoka, kwa sababu siku ya kuitoa itakatika.

Stadi iliyovutwa kupita kiasi cha kuvutika ni kama ukambaa uliozidiwa na mzigo: hairudi tena, na kwa kuwa hairudi haibani. Hivyo wingi wa nguvu humfikisha mtu palepale alipofikishwa na uchache wake. Tena madhara hayaishii katika stadi. Nati zikikazwa kwa nguvu zisizolingana, moja kwa bomba na nyingine kwa mkono, diski ya breki iliyobanwa nyuma ya rimu huweza kupindika kiasi kisichoonekana, na baada ya majuma machache dereva husikia mguu wake ukidundwa na kanyagio kila afungapo breki, akaenda kubadilisha pedi zisizo na kosa. Kadhalika wale watiao mafuta au girisi katika hesi ili nati "iingie vizuri" hawajui kwamba sehemu kubwa ya nguvu ya spana, kadiri ya sehemu tisa katika kumi, humezwa na msuguano wa hesi na wa kitako cha nati, na ni sehemu ndogo tu iliyobaki inayoivuta stadi. Msuguano ukiondolewa kwa girisi, kiasi kilekile cha spana huivuta stadi kupita kadiri yake. Magari mengi hutaka hesi kavu na safi, basi.

Mzee alizirudisha nati kwa vidole vyake kwanza, zote tano, akisikiliza kwa ncha za vidole kama hesi zinakubaliana, kwa sababu nati inayokataa vidole ikalazimishwa kwa spana imekwisha kuharibu nyumba yake. Akazibana kidogo gurudumu likiwa hewani, lipate kukaa katikati. Akashusha jeki mpaka tairi likagusa ardhi kiasi cha kutozunguka. Ndipo akatoa katika sanduku spana yake ya kipimo, iliyofungwa kwa kitambaa safi kuliko vitambaa vyote vya gereji ile, akaanza nati ya juu, akaruka moja, akaenda ya tatu, akaruka tena, kama mtoto achoraye nyota ya ncha tano bila kuinua kalamu. Kila nati ilipofika kiasi, spana ilitoa sauti ndogo, ta, na mzee akaacha hapohapo. Hakuongeza "kidogo cha usalama", kile kidogo ambacho sisi sote hupenda kukiongeza.

Nikamwuliza kama nati zote ni moja. Alicheka, akamimina kopo lake mezani. Zilikuwamo nati zenye kitako kilichochongoka kama koni, za rimu nyingi za chuma. Zenye kitako cha mviringo kama nusu ya gololi, ambazo Honda huzitumia. Na zenye shingo ndefu na washa bapa, za rimu nyingi za alumini za Toyota. Zote hizo huweza kuwa na hesi ileile ya milimita 12, na zote zitaingia katika stadi ileile bila ubishi, ila nati ya koni ikikalia tundu lililochongwa kwa mviringo hugusa kwa ukingo mwembamba tu, na ukingo huo ukisagika habari yake ni ileile ya unga wa kutu. Mnunuzi wa rimu za kuokoteza sokoni na aulize nati zake pamoja nazo.

Gurudumu lilipokwisha nilidhani tumefika kwenye paralelisimu, lakini mzee akachukua kipimo cha upepo. Tairi la kushoto lilikuwa na baa 2.3, la kulia 1.6. Hapo nusu ya kuvuta kulia ikapata maelezo yake, kwa maana tairi lenye upepo mchache huzunguka kwa uzito na huvuta gari upande wake. Baada ya hapo akalishika gurudumu kwa mikono miwili, mmoja juu na mmoja chini, akalitikisa. Halafu mmoja kushoto na mmoja kulia, akalitikisa tena. Likicheza juu na chini, hatia ni ya beringi au ya kifundo kinachobeba gurudumu. Likicheza kushoto na kulia peke yake, hatia ni ya kifundo kilicho mwisho wa fimbo ya usukani, ambacho pwani huitwa tairodi endi na huku rotuli. Langu halikucheza. Mafundi wengi huanzia pale ambapo mzee huyu alimalizia: huliweka gari juu ya mashine yenye taa na tarakimu, hupima, husahihisha, hutoa karatasi iliyopigwa chapa, na gari lenye kifundo kilichokwisha huondoka na karatasi yake sahihi, likafika kwenye shimo la kwanza na karatasi ikawa uongo.

Tukaja kwenye kupima, na nakiri nilifurahi kama mgonjwa ambaye hatimaye daktari amekubali kumsikiliza. Kasoro za mkao wa magurudumu zina majina ya kigeni katika vitabu, lakini Kiswahili kilikwisha kuyaona maumbile hayo katika viungo vya binadamu. Gari huweza kuwa na kengeza, yaani magurudumu mawili ya mbele, badala ya kutazama mbele sawasawa, yakatazamana kwa ndani au yakapeana kisogo kwa nje; huweza kuwa na matege, yaani gurudumu likainama kwa juu au kwa chini likitazamwa kutoka mbele; na kuna mwinamo wa tatu, mgumu kuuona, wa mhimili ambao gurudumu hugeukia juu yake, ule ambao mtu huuona wazi katika foki ya baiskeli iliyolala kidogo kwenda mbele, na ambao ndio unaoufanya usukani ujirudi wenyewe baada ya kona. Miinamo hii yote imo katika gari lililo salama, kwa kadiri ndogo iliyokusudiwa. Kasoro ni kuzidi, au kutolingana kushoto na kulia.

Katika hayo matatu, kengeza ndilo mla matairi. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 60 likikengeuka milimita 3 tu baina ya ncha yake ya mbele na ya nyuma, basi kila mita 200 linazokwenda huburutwa upande mita moja. Kilomita moja ni mita 5. Na kutoka Kamembe mpaka Kigali, njia ipitayo kilomita 200, mpira umesuguliwa upande zaidi ya kilomita nzima, kama mtu afutaye maandishi kwa raba. Hili halihitaji mashine kulitambua. Pitisha kiganja juu ya uso wa tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha ukirudishe: ikiwa upande mmoja ni laini na wa pili unakwaruza kama meno ya msumeno, hilo ni kengeza. Bega moja la tairi likiliwa peke yake, shuku matege. Mabega yote mawili, upepo mchache. Katikati, upepo mwingi. Na tairi likiwa na mabonde mabonde kama ubao wa bao, mwenye kesi ni shokapu. Ama mtikisiko wa usukani unaoanza kati ya mwendo wa 80 na 110 na kupotea ukipita hapo, nati zikiwa zimekaza, huo ni wa mizani ya gurudumu, ile ya vipande vidogo vya risasi vinavyobandikwa katika rimu, wala si wa mkao. Watu hulipia jambo moja wakitibiwa jingine kila siku.

Kipimo cha mzee kilikuwa chaki, msumari na utepe wa kupimia. Aliinua gari mbele, akazungusha kila tairi dhidi ya msumari alioukazia juu ya kibao, uliochora mstari mwembamba katika chaki aliyokwisha kuipaka, mstari ulio sawa hata kama tairi lenyewe limepinda; akalishusha, akalisukuma nyuma na mbele ili springi zikae; akapima baina ya mistari miwili kwa nyuma, kwa kimo cha habu; kisha akalisukuma gari mbele nusu ya mzunguko, ili alama zilezile zilizopimwa nyuma zije mbele, akapima tena. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo kengeza. Langu lilikuwa milimita moja kwa ndani. "Hapa sigusi," akasema, akakunja utepe wake. Kwa matege na kwa mwinamo wa mhimili utepe hautoshi, na mwenye gari lililogonga jiwe au kuzama mtaroni hana budi kulipeleka kwenye mashine ipimayo magurudumu yote manne, hasa ikiwa anayemfuata barabarani amemwambia kwamba gari lake linakwenda upogo, mwendo wa kaa, nyuma ikichungulia pembeni mwa mbele.

Bado palikuwa na jambo moja la kuthibitisha, kama gari linanyoka, na Kamembe nzima haina kipande cha barabara kilicho bapa. Kwa bahati mzee alikuwa ameitwa Bugarama kutazama lori, basi tukashuka pamoja, milima ikitupungukia, mpaka kwenye ile tambarare ya mashamba ya mpunga iliyo karibu na mipaka ya Burundi na Kongo, ambako barabara hunyooka. Nikaachia usukani kidogo. Gari likaenda sawa, kisha polepole likaegemea kulia. Nikamtazama mzee.

"Nenda katikati kabisa, mwanangu, maadamu hakuna mtu anayekuja."

Katikati likanyoka. Barabara zote zina mgongo, ili maji ya mvua yatiririkie kando, na kwa kuwa Rwanda na Kongo huendesha upande wa kulia, kila gari lililo mahali pake liko juu ya mteremko mdogo unaoelekea kulia, nalo huuhisi. Tanzania na Kenya, ambako huendeshwa kushoto, gari zima huegemea kushoto vilevile. Baadhi ya watengenezaji hulipa gari tofauti ndogo ya mwinamo baina ya magurudumu mawili ili kuupinga mteremko huo wa nchi linakokwenda. Fikiri basi habari ya magari mengi ya Kijapani yenye usukani wa kulia yanayozunguka Bukavu: ikiwa gari limesahihishwa kwa barabara za Japani, ambako huendeshwa kushoto, ile dawa iliyowekwa kulisukuma kulia sasa inaongezwa juu ya mteremko ambao nao unalisukuma kulia, na mwenye gari hurudi gereji mara tatu kulalamika juu ya kasoro iliyo ya jiografia.

Lori la Bugarama lilikuwa la mizigo ya saruji, kazi iliyo kubwa huku tangu kiwanda cha Cimerwa kilipoanzishwa mwaka 1984, na kesi yake ilikuwa stadi mbili zilizokatika upande wa kushoto. Kijana wa lori alikuwa ametia bomba refu juu ya spana, akawa anaruka juu yake ili kuifungua nati, na kadiri alivyoruka ndivyo ilivyokaza, mpaka stadi zikakatika. Mzee akapangusa ncha ya stadi iliyosalia kwa kidole gumba, pakatokea herufi L iliyochapwa katika chuma. Malori mengi ya Kijapani ya zamani yana hesi ya kushoto katika magurudumu ya upande wa kushoto, ambayo hufunguliwa kwa kuzungusha kulia. Tangu kadiri ya mwaka 2010 malori mapya makubwa ya huko yalihamia utaratibu wa kimataifa wa hesi ya kulia pande zote mbili, na kwa hiyo katika uwanja mmoja huweza kusimama malori mawili ya jina moja, kila moja na kanuni yake. Kijana alikuwa akiikaza kwa nguvu zake zote nati ile aliyokusudia kuifungua. Nati za gurudumu kama hilo hukazwa kwa nyutoni-mita 600 hivi, na tairi na rimu kwa pamoja huweza kufika uzito wa kilo 100. Likichomoka mteremkoni, halina breki wala dereva. Katika jimbo la Ontario, Kanada, baada ya watu kuuawa na magurudumu yaliyochomoka malorini, ilipitishwa sheria mwaka 1997 inayomhesabu mwenye lori kuwa na hatia mara gurudumu likitoka, wala hakubaliwi kujitetea kwamba alifanya hadhari zote, na faini yake hupanda mpaka dola 50,000. Nilipomweleza mzee habari hiyo alitikisa kichwa, akasema sheria ni nzuri lakini brashi ya waya ni rahisi zaidi.

Tulipoagana Kamembe alikataa malipo ya paralelisimu, akapokea ya stadi moja na ya muda wake, na akanipa sharti: baada ya kilomita kati ya 80 na 100 nisimame nizikaze nati tena kwa kiasi kilekile, chuma kikiwa kimepoa. Mahali hapo, kwa mtu anayetoka Rusizi, ni Kitabi, ng'ambo ya pili ya msitu. Nilifika huko alasiri, ukungu ukiwa umeshuka juu ya chai, nikanywa chai hiyo nikingoja rimu zipoe, kisha nikatoa spana ya kipimo niliyoinunua kwa bei iliyoniuma, nikaanza nati ya juu, nikaruka moja. Ya kwanza, ta, bila kusogea. Ya tatu ilisogea upana wa kucha, ndipo ikasema ta. Ya tano, ya pili na ya nne hazikusogea. Nikazunguka nyuma ya gari na kupiga magoti mbele ya gurudumu lililofuata.